Kuchagua Chuo cha Uzamili katika Upigaji wa Ala: Mwongozo kwa Wanamuziki wa Lamu

Kijana wa Lamu aliyemaliza shahada ya kwanza ya muziki, akataka kuendelea na uzamili katika upigaji wa ala au uimbaji, kwa kawaida huanza kwa kuulizia jina la chuo. Mwanzo huo una hasara, kwa sababu uzamili wa upigaji haufanani na uzamili wa historia au wa uchumi, ambako wanafunzi wengi huketi pamoja na kusoma vitabu vilevile. Hapa kiini cha masomo ni kama saa moja kila wiki mbele ya mwalimu mmoja, ala ikiwa mkononi, kwa miaka miwili au, katika baadhi ya vyuo vya Uingereza, kwa mwaka mmoja tu. Ukiondoa likizo, saa hizo zote hazifiki mia. Kwa hiyo jambo la kuamua kwanza ni nani utakayekuwa naye katika saa hizo.

Mpwa wangu anapiga fidla. Alijifunza kwa sikio nyumbani, kutoka kwa babu yake, kabla ya kujua nota, na chuoni Nairobi akafundishwa fidla ya Kizungu. Alipokuwa akitafuta chuo cha uzamili, walimu wawili wa nchi mbili tofauti walikubali kumsikiliza kwa simu ya video, kila mmoja kwa muda wa dakika arubaini. Wote wawili aliwapigia kipande cha mtunzi wa Ulaya, Bach, kisha bashrafu fupi, yaani kipande cha ala kisicho na maneno, katika maqamu (mpangilio wa sauti) ya rasti, ambayo sauti yake ya tatu hukaa katikati ya sauti mbili ambazo kinanda kinazo. Mwalimu wa kwanza alimsimamisha hapo, akamwambia kwamba sauti ile imeshuka, akamtaka airekebishe kwa kuifuatisha na kinanda. Wa pili alimwomba aipige sauti hiyo peke yake, akamwuliza ni nani aliyemwonyesha mahali pa kuweka kidole, kisha akachukua fidla yake mwenyewe akaitafuta sauti ileile, na mara ya nne akaipata. Simu ilipokatika mpwa wangu aliniambia, “Mjomba, yule wa kwanza ndiye mwenye jina.” Nikamjibu, “Ni kweli, mwanangu. Lakini ni yupi aliyekusikia?”

Sisemi kwamba mwalimu wa kwanza ni mbaya. Anayelenga kiti katika okestra ya Ulaya anahitaji sikio la namna hiyo hasa, na kwake huyo ndiye chaguo lililo sawa. Ndiyo sababu kila mtu anapaswa kwanza kujiuliza anataka kufanya kazi gani baada ya masomo, iwe ni kupiga katika okestra, kufundisha chuoni, au kurudi pwani akaiendeleza taarab kwa maarifa mapya, na jibu aliandike kabla ya kufungua tovuti ya chuo chochote.

Kumpata mwalimu wa kukusikiliza si jambo gumu kama wengi wanavyodhani. Mwandikie barua pepe fupi mwezi wa Agosti au Septemba, ujitambulishe kwa mistari mitatu, utie viungo viwili vya video badala ya mafaili mazito, na umwombe somo moja la majaribio huku ukimwuliza ada yake. Baadhi hutoza na baadhi hawatozi. Asiyejibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, kisha umwache.

Akikubali, muulize waziwazi kama atakuwepo chuoni katika muda wote wa masomo yako. Nalisisitiza hili kwa kuwa lilinifika mimi mwenyewe. Nilikwenda chuo kimoja cha ng’ambo kwa ajili ya mwalimu mmoja, nikafika na kukuta ameanza likizo ya utafiti ya mwaka mzima, na masomo yangu yote ya mwaka wa kwanza yakatolewa na msaidizi wake. Hakuna aliyenidanganya, kwani sikuuliza. Muulize pia ana wanafunzi wangapi, ni masomo mangapi atakayoyatoa yeye mwenyewe, na wahitimu wake wa miaka mitatu iliyopita wanafanya nini sasa. Kisha omba kuzungumza na mwanafunzi wake mmoja, bila yeye kuwepo.

Kuhusu vyuo vyenyewe, mpigaji wa udi au ganuni hana haja ya kuelekeza macho Ulaya na Marekani peke yake. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Istanbul kina konsavatori, yaani chuo cha ufundi wa muziki, ya muziki wa Kituruki iliyoanzishwa katika miaka ya 1970, na huko udi na ganuni ni ala kuu, hazikuwekwa kama pambo la ratiba. SOAS, chuo kilicho sehemu ya Chuo Kikuu cha London, kinajulikana kwa masomo ya muziki wa Afrika na Asia. Mjini Cairo ipo Bayt al-Oud, iliyoasisiwa na mpigaji wa Iraki, Naseer Shamma, lakini hiyo ni nyumba ya kunoa mikono, na anayehitaji cheti cha uzamili ili aajiriwe chuo kikuu asiichanganye na chuo kikuu. Kwa piano, fidla ya Kizungu au uimbaji wa opera, chuo cha muziki cha Chuo Kikuu cha Cape Town, kilichoanzishwa mwaka 1910, kiko barani mwetu. Na ambaye bado msingi wake wa taarab haujakaa sawa atafaidika zaidi akipitia kwanza Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Zanzibar, kuliko kuukimbilia uzamili.

Angalia pia kama mji wa chuo una fundi wa ala yako. Udi uliozoea unyevu wa Lamu ukipelekwa kwenye nchi ya baridi, ndani ya vyumba vinavyopashwa joto, ubao wake hukauka na unaweza kupasuka katika majira ya baridi ya kwanza. Istanbul na Cairo mafundi wapo tele, ilhali katika mji mdogo wa Marekani unaweza usimpate hata mmoja.

Fedha ndizo zinazokata shauri katika nyumba nyingi, na hapa kuna mambo ambayo wazazi wetu hawajayasikia. Shule ya muziki ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, haitozi karo kwa wanafunzi wake wote inaowapokea, kutokana na zawadi ya dola milioni 100 iliyotolewa mwaka 2005. Vyuo vya muziki vya serikali nchini Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi karo, isipokuwa baadhi, kama vile vya jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu mwaka 2017 hudai euro 1,500 kwa muhula kwa wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Hata hivyo, viza ya Ujerumani hutaka fedha za matumizi ziwekwe katika akaunti maalumu iliyofungwa, na tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 11,904 kwa mwaka, kiasi ambacho familia nyingi hazinacho bila mfadhili. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, hutoa ufadhili kwa wanamuziki. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia mwaka mmoja wa uzamili huko, lakini hudai saa 2,800 za kazi ulizokwisha kufanya, hivyo weka kumbukumbu za kila darasa unalofundisha na kila onyesho unalolipwa. Ufadhili wa serikali ya Uturuki hujumuisha karo, malazi, posho na mwaka wa kujifunza lugha.

Rekodi ya mchujo, yaani video ambayo chuo huitazama ili kuchagua watakaoitwa kwenye usaili, ndiyo inayowaangusha wengi. Vyuo vingi vya Marekani huitaka kufikia tarehe 1 Desemba, na konsavatori za Uingereza zinazopokea maombi kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo, hufunga mapema Oktoba, kwa hiyo rekodi inabidi ianze wakati kusi bado inavuma. Usirekodi barazani wala darini juu, maana upepo huila sauti. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene zinazozuia kelele za nje, ila chumba kitupu hurudisha mwangwi, basi tandika mazulia na mikeka, tundika mapazia mazito, na uiweke simu hatua mbili au tatu kutoka ulipoketi, kwenye kitu kisichotikisika. Wakati mzuri ni baada ya Isha, punda na mashua zikiwa zimetulia. Kila kipande kipigwe mfululizo bila kukatwa, uso na mikono yote miwili vionekane, na kosa dogo liache lilivyo, kwani wasikilizaji hulistahimili kosa kuliko video iliyoungwaungwa.

Majibu yakija, usikubali siku hiyohiyo. Vyuo vingi vya Marekani vinavyotoa ufadhili humpa mwombaji hadi tarehe 15 Aprili kuamua. Tumia siku hizo kuomba kila ahadi kwa maandishi, pamoja na jina la mwalimu wako, idadi ya masomo yake, kiasi cha ufadhili, na iwapo ufadhili huo unaendelea mwaka wa pili. Mpwa wangu alimchagua mwalimu wa pili, ingawa posho yake ilikuwa ndogo zaidi. Usiku uleule alimwandikia yule wa kwanza kumshukuru kwa muda wake, naye mwalimu huyo akajibu akimwomba ampelekee ile bashrafu ikiwa imeandikwa kwa nota.