Injini ilinyweshwa, ng'ombe je? Tuliyoachiwa na treni za mvuke kuhusu kusafirisha mifugo

Injini ya mvuke haifiki mbali bila maji. Treni ilisimama chini ya tangi, bomba likashushwa, maji yakajazwa, safari ikaendelea. Nyuma yake, kwenye mabehewa ya mbao, ng'ombe waliyasikia maji yale yakimwagika na wasipate hata tone. Huko Marekani mambo yalikwenda hivyo mpaka mwaka 1873, Bunge lilipopitisha sheria kwamba mnyama asikae ndani ya behewa zaidi ya saa 28 mfululizo: ashushwe, anyweshwe, alishwe, apumzike kwa saa zisizopungua 5. Mwaka 1906 sheria iliandikwa upya, na mwenye mifugo akaruhusiwa kuomba kwa maandishi muda huo uongezwe ufike hadi saa 36.

Naanza na saa kwa makusudi. Wafugaji wakiniuliza habari za safari huniuliza kilomita: kutoka Shinyanga hadi mnada wa Pugu ni mbali kiasi gani, ng'ombe watavumilia? Mimi huwauliza watakaa ndani muda gani, na lori litasimama wapi. Lori linalotembea lina upepo. Lori lililoegeshwa juani saa sita mchana, dereva na utingo wake wakila wali, ni tanuri. Wala usizichukue saa 28 za Wamarekani kama ruhusa. Huo ulikuwa ukomo wa sheria. Kwa joto letu panga safari ya usiku, na mahali pa kunyweshea pajulikane kabla hujawasha gari.

Nguruwe ndio wa kuangaliwa zaidi, maana hawatoi jasho la kutosha kujipooza. Watu wa reli Marekani waliwamwagia maji vituoni wakati wa kiangazi. Ndoo chache za maji kabla ya kuondoka, na nyingine njiani, hazimfilisi mtu.

Sasa kupakia. Mwaka 1867 mfanyabiashara Joseph McCoy alijenga mazizi kando ya reli pale Abilene, Kansas, na tarehe 5 Septemba mwaka huo treni ya kwanza ya mabehewa 20 ya ng'ombe ikaondoka. Wanyama wale walikuwa wametembea kwa miguu kutoka Texas. Mazizi ndiyo yaliyoiwezesha kazi yote: mahali pa kusubiri, kutenganisha na kupandisha bila fujo. Wengi wetu hatuna hata hilo. Ng'ombe huswagwa kutoka malishoni moja kwa moja hadi kwenye lori, akiwa na kiu, kisha tunashangaa ameanguka kabla ya Singida. Wafikishe zizini siku moja kabla. Wape maji ya kutosha na nyasi kavu. Majani mabichi mengi huwaharisha, na sakafu ikishalowa kinyesi hakuna kwato itakayoshika.

Akianguka hainuki kirahisi, wenzake humkanyaga. Ndiyo maana treni zile zilisafiri na wanaume wenye fito ndefu, kazi yao kuwachokoa walioanguka mpaka wasimame. Kwangu mimi fito ni ushahidi kwamba upakiaji ulikosewa. Ukiwabana mno, aliyelala hana pa kuinukia. Ukiwaachia nafasi kubwa, kila breki inawarusha. Mabehewa ya Uingereza yalikuwa na ukuta wa mbao wa kusogezwa, ili mzigo mdogo upewe chumba kidogo. Fundi seremala yeyote atakutengenezea wa hivyo kwa lori. Utumie pia kuwatenga fahali, ndama, na wenye pembe ndefu na wasio nazo. Mbuzi na ng'ombe wasichanganywe kabisa, na jike aliyekaribia kuzaa abaki nyumbani.

Behewa la mifugo mara nyingi liliwekwa mbele, karibu na injini. Vyuma vya kuunganishia mabehewa vilikuwa na ulegevu, na kadiri behewa lilivyokuwa nyuma ndivyo mtikisiko ulivyolifikia kwa kishindo. Ila karibu na injini kuna cheche, na majani makavu sakafuni hushika moto, kwa hiyo mchanga ulikuwa salama zaidi. Mchanga hata leo ndio ninaoupendekeza kwa lori: hauwaki, hautelezi, na unapatikana bure. Kuhusu mtikisiko, zungumza na dereva. Anayelipwa kwa kuwahi atakata kona kwa kasi. Bora mkubaliane alipwe kwa kila ng'ombe anayefika akiwa amesimama.

Kuna jambo ambalo reli ililiharibu kabla ya kulirekebisha. Mwaka 1865 ugonjwa wa sotoka uliingia Uingereza na ng'ombe kutoka nje, ukafika kwenye soko la London, kisha treni zikausambaza kwa siku chache tu, kazi ambayo wachungaji wa miguu ingewachukua majuma. Baadaye mabehewa yakawa yanapigwa chokaa baada ya kila safari, hata yakatambulika kwa michirizi yake myeupe. Chokaa nayo ikaja kuachwa kwa sababu iliwadhuru wanyama. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, lakini homa ya mapafu na ugonjwa wa miguu na midomo bado tunao. Lori unalokodi lilibeba mifugo ya nani jana? Usikubali kupakia mpaka kinyesi kikwanguliwe, sakafu ioshwe kwa sabuni, ipigwe dawa ya kuua vijidudu, kisha isuuzwe na kukauka. Kibali cha mifugo kiwe mfukoni kabla ya hapo, si cha kutafutwa kwenye kizuizi cha barabarani.

Mkifika, maji kwanza, kidogo kidogo, kivulini. Usimpeleke mnyama kwenye mizani papo hapo. Sehemu ya uzito alioupoteza njiani ni maji na chakula cha tumboni, na hurudi akipumzika.

Hesabu ya mwisho naichukua kwa Gustavus Swift, mchuuzi wa nyama wa Chicago. Aliona kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa ng'ombe aliyemlipia nauli hailiwi: pembe, kwato, ngozi, matumbo. Mwishoni mwa miaka ya 1870 akaanza kuchinja Chicago na kupeleka nyama mashariki kwa mabehewa yenye barafu. Kama wilayani kwenu kuna machinjio yanayokaguliwa, na gari la ubaridi linapatikana, kaa na wenzako mlinganishe gharama hizo mbili kabla ya kukodi lori.