Kumpeleka Kijana Mwambani Kuwinda Pweza kwa Mara ya Kwanza

Kijana wa miaka 13 au 14 anayekulia Mikindani, Msimbati au Songosongo, kwenye pwani ya kusini mwa Tanzania, atakuomba siku moja umchukue mwambani kuchokoa pweza, na kabla ya kumjibu ni vyema utazame mwezi kwanza, kisha utazame ratiba ya shule. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katika pwani yetu maji ya siku hizo hufikia kina cha chini kabisa mnamo saa nne asubuhi, yakichelewa kwa takriban dakika 50 kila siku inayofuata. Saa hizo ni za darasani. Kwa hiyo subiri bamvua itakayoangukia Jumamosi au wakati wa likizo, kwa sababu kijana aliyetoroshwa shule kwa ajili ya pweza hujifunza utoro kabla ya uvuvi. Siku za maji mafu, yaani yasiyopwa sana, usijisumbue, maana mwamba haufunguki vya kutosha, na upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu maji hukunjamana hata mtu mzoefu asione kitu.

Siku moja kabla, mchukue kijana mwende pamoja kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi ufukweni, au serikali ya kijiji kuuliza utaratibu wa leseni na kama kuna mwamba uliofungwa, kwa kuwa baadhi ya vijiji hufunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Wanaoishi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, waulize pia kwa askari wa hifadhi ni maeneo gani yanayoruhusiwa. Mwache kijana aulize mwenyewe.

Vifaa si vingi: raba za zamani zenye soli ngumu, kofia, maji ya kunywa, kamba ya kutungia pweza na chuma chembamba chenye urefu wa mkono mmoja hivi. Chuma kiwe kimoja tu kwa watu wawili, na saa ya kwanza ukishike wewe. Najua kijana atanuna, lakini mwenye chuma mkononi huchokoa kila tundu analoliona, huvunja matumbawe, na hurudi nyumbani akiwa amechoka bila kujua pweza anaishije.

Saa hiyo ya kwanza ni ya macho. Mfundishe asimtafute pweza, bali nyumba yake. Pweza hula kaa na chaza, na mabaki huyatupa mlangoni, hivyo tundu lenye magamba mapya ya kaa na makombe yaliyo safi, yasiyoota mwani, huenda lina mwenyewe ndani. Mawe madogo yaliyopangwa mdomoni mwa tundu nayo ni dalili, kwani pweza huyavuta kwa mikono yake kama mtu anayefunga mlango. Mwenyewe akiwa nje ni vigumu zaidi kumwona, kwa kuwa hubadili rangi na hata kuinua vipele kwenye ngozi yake hadi akafanana na jiwe alilolikalia. Jicho ndilo humsaliti. Simama mbali kidogo na tundu unalolijua, usinyooshe kidole, umwachie kijana atafute mpaka aone. Likimchukua robo saa, iwe robo saa.

Baada ya hapo mpe chuma. Achokoe taratibu pembeni mwa tundu, asichome ovyo, ili pweza akasirike na kukishika chuma kwa mikono. Akishajitokeza ndipo achomwe na kuvutwa polepole, kwa kuwa akivutwa kwa pupa hujibana na kukatika vipande. Akishatoka, ageuzwe kichwa nje-ndani mara moja ili asiteseke, na kijana aepushe vidole na mdomo wa pweza, ulio mgumu kama wa kasuku. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500, na kipimo hicho kijana akijifunze kabla hajachoma, kwani aliyekwisha kuchomwa hata akirudishwa haponi. Akimwona pweza aliyejifungia kwa mawe na asiyekubali kutoka, huenda ni jike linalolinda mayai: jike huzaa mara moja tu maishani, halili mpaka mayai yaanguliwe, kisha hufa. Huyo aachwe.

Mkono usiingizwe kamwe kwenye tundu, kwa sababu mkunga, samaki mwenye umbo la nyoka, hukaa humo humo na meno yake hayana mzaha. Mwelekeze kijana akanyage mchanga na mwamba uliokufa, asiguse kome wa sumu wenye umbo la pia hata wawe wazuri kiasi gani, na awe macho na samaki mwenye sumu anayelala akiwa kama jiwe. Akichomwa na samaki huyo, mtoe majini mara moja, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, ukiyapima kwanza kwa mkono wako, na umpeleke kituo cha afya bila kuchelewa.

Jambo ambalo wazazi hulipuuza ni kurudi. Maji yanapoanza kujaa huja polepole kwa saa ya kwanza, na upole huo ndio unaodanganya, kwa sababu saa ya tatu na ya nne hupanda kwa kasi, tena mara nyingi huanza kwa kujaza mfereji uliouacha nyuma yako baina ya mwamba na ufuko. Mnapoingia, chagueni jiwe moja karibu na mfereji huo, na mkubaliane kwamba maji yakilifikia mnaondoka hata kama pweza ameshashika chuma. Siku hiyo atajaribu kubishana nawe. Geuka utembee, naye atakufuata.

Nyumbani, kijana mwenyewe amponde pweza kwa mchi mpaka alainike, amwoshe utelezi wote, na mkono mmoja umwendee bibi yake kabla chungu cha nazi hakijatengwa jikoni.