Baloo inapokula RAM: ninavyoibana kwenye mashine za steshenari

Mashine zangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, ni za mtumba: RAM GB 4, diski za kuzunguka, zote zinatumia Linux yenye dawati la KDE Plasma. Wanafunzi wakishajipanga na flashi zao za ripoti za fildi, LibreOffice inaganda. Ukifungua `htop` (orodha ya programu zinazotumia RAM na CPU), juu kabisa kuna `baloo_file` au `baloo_file_extractor`. Hiyo ndiyo Baloo, huduma ya KDE inayosoma faili na kuziwekea faharasa ili utafutaji uwe wa haraka.

Wengi watakwambia uizime kwa `balooctl disable`, yaishe. Mimi sikubali. Mteja akija kuulizia barua aliyochapisha kabla ya mavuno, nitaipataje?

Soma `htop` vizuri kwanza. Safu ya VIRT (memori iliyotengwa, si lazima iwe inatumika) iache, haina maana hapa. Baloo hutunza faharasa yake kwa LMDB, hifadhidata ya faili moja, na faili hiyo huunganishwa moja kwa moja na memori. Kwa hiyo sehemu ya RES (RAM inayotumika kweli) ni kurasa za faili hiyo tu, ambazo kernel (kiini cha Linux) huziachilia RAM ikibana. Toa SHR (sehemu ya RES inayoweza kutumika kwa pamoja, zikiwemo kurasa hizo za faili) kwenye RES. Kinachobaki ndicho kinachokuumiza. Kikiwa kidogo, mlaji ni mwingine, mara nyingi kivinjari chenye tabo kibao.

Kikiwa kikubwa, andika `balooctl monitor` (Plasma 6 ni `balooctl6`) uangalie imeng'ang'ania faili gani. Kwangu huwa ni folda ya skani: vyeti, mihtasari ya vikao vya vijiji, PDF za kurasa kibao. Skani ya kawaida ni picha tupu, haina maandishi ya kuchukua, lakini inafunguliwa hivyo hivyo. Itoe folda hiyo kwenye faharasa:

`balooctl config add excludeFolders ~/Skani`

Halafu dawa yenyewe:

`balooctl config set contentIndexing no`

Sasa Baloo inaorodhesha majina ya faili bila kusoma yaliyomo ndani. Ndiyo maana vijana wangu wa kaunta lazima waandike jina kamili: mteja, kijiji, mwezi. Faili inayoitwa "Untitled 1" hapa kwangu ni kesi.

Faili ya LMDB haipungui yenyewe hata ukitoa folda, hivyo malizia kwa `balooctl purge`. Fanya jioni wateja wakiisha, maana kuorodhesha kunaanza upya.

Bado inazidi? Iwekee kikomo. `systemctl --user edit kde-baloo.service`, kisha:

```
[Service]
MemoryHigh=256M
```

Ikivuka hapo haiuawi. Inapunguzwa kasi na kunyang'anywa kurasa. Toka kwenye akaunti, ingia tena, kisha `systemctl --user status kde-baloo` itakuonyesha kikomo kwenye mstari wa Memory. Usipouona, Plasma yako haianzishi Baloo kupitia systemd (msimamizi wa huduma za Linux), na hapo utabaki na hatua za juu tu.