Maficho ya samaki wa bwawa la nyumbani kwa vitu vya stoo

Ukiona samaki wako wamejibana wote kona moja kule chini, ukitupa chakula hawapandi mpaka uondoke, ujue kuna kitu kinawatisha na mara nyingi hicho kitu kinatokea juu. Korongo, yangeyange, mdiria, paka wa jirani, hata kivuli chako mwenyewe ukisogea ghafla. Samaki muda wote anaishi anachungulia juu, kwahiyo kabla hujaenda kutupa hela kwenye vile vingome vya plastiki vya rangi rangi, shika hili moja: samaki anachotaka ni paa. Akishapata kitu cha giza juu ya mgongo wake na njia mbili za kutokea basi ametosheka, mengine yote ni kwa ajili ya macho yetu sisi.

Na paa ni kitu rahisi mno. Mimi naanzaga na bomba la PVC, vile vipande fundi bomba anavyoacha akimaliza kazi, kwasababu PVC ni nzito kuliko maji, ikishajaa maji inazama yenyewe wala huhangaiki na uzito. Usichanganye na yale mabomba meusi laini ya poli, hayo yanaelea, itabidi uyafunge jiwe. Kata kwa msumeno wa chuma, urefu kama mara mbili ya samaki wako mkubwa, afu chukua msasa upitishe kwenye kingo za pande zote mbili, ndani na nje, mpaka ukipitisha kidole usisikie hata kaukali kadogo. Hii hatua watu wanairuka sana. Samaki akishtuka anaingia kwa spidi, kingo ikimkwangua magamba pale ndo wadudu wa magonjwa na fangasi wanapopatia mlango.

Sasa upana, na hapa nina kesi ya kujibu mwenyewe. Niliwahi kuweka vipande vya inchi 2 kwasababu samaki walikuwa wadogo na bomba la inchi 2 ndo lilikuwepo, nikaona poa tu, nikasahau, miezi ikapita, samaki wanakula wananenepa, siku moja nakuta koi mmoja (wale samaki wa mapambo wa rangi rangi wanaokuwa wakubwa) kaingia nusu kanasa, mbele haendi nyuma harudi, ikabidi nilitoe bomba lote nilikate na yeye yumo ndani. Alipona ila mgongo ulichubuka vibaya. Kwahiyo usipime kichwa cha samaki, pima akiwa ametanua mapezi ya pembeni, tena upimie ukubwa atakaofika, achana na ukubwa wa leo. Inchi 4 inawatosha wadogo wa urefu wa kiganja, wakizidi hapo nenda inchi 6. Koi anaweza kupita sentimita 60, huyo sahau habari ya bomba kabisa, mtengenezee meza, nitaifikia.

Kabla hujazamisha toboa matundu machache upande wa juu wa bomba ili hewa itoke na maji yazunguke, bila hivyo hewa inabaki humo linakaa kichwa chini miguu juu. Tundu liwe dogo kabisa ambalo hata kifaranga cha samaki hakiwezi kuingiza kichwa, la kati kati ndo mtego. Ukiwa na vipande vitatu vipange viwili chini kimoja juu, vifunge na zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, mikia yake ikate iishe kabisa maana ile ncha inachoma. Waya usitumie. Waya wa shaba hasa, shaba ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo.

Kama una vyungu vya maua vya udongo visivyopakwa rangi, hivyo ni vizuri sana, unakilaza ubavu afu unakizamisha kidogo kwenye kokoto kisibingirike. Shida ni kwamba chungu kina mlango mmoja tu, na mlango mmoja ni hatari, mkubwa akiingia mdogo kakwama ndani anapigwa tu. Vunja kitako taratibu, gonga kidogo kidogo kuzunguka lile tundu la kutolea maji mpaka litanuke, afu msasa tena. Kikipasuka vipande viwili wala usikitupe, nusu chungu iliyofunikwa ni paa tayari.

Haya, meza. Hii ndo ya samaki wakubwa na kusema ukweli ndo naipenda kuliko zote: kitu kipana bapa kilichowekwa juu ya miguu, basi. Jiwe bapa juu ya matofali, au kreti ya plastiki iliyogeuzwa kichwa chini ikakatwa milango mikubwa pande mbili au tatu afu ikawekewa jiwe juu isielee. Ya mawe lazima uijaribu nchi kavu kwanza, itikise, isukume kwa mguu, kama inayumba usiiweke kwenye maji maana samaki mkubwa akijigonga humo inamwangukia. Ukitumia tofali la saruji jipya, liloweke kwenye ndoo wiki tatu nne huku unabadilisha maji, saruji mbichi inatoa chokaa na pH (kipimo cha ukali wa maji, tindikali au alkali) inapanda, kwenye bwawa dogo hiyo sio ishu ya kupuuza. Jiwe nalo kama hulijui lidondoshee siki, likitoa povu lina chokaa, liache huko huko nje.

Vitu vya kutoingiza kabisa: bati na chuma chochote kilichopakwa zinki, mbao zilizowekwa dawa ya wadudu, kitu chenye rangi inayobabuka, makopo yanayoota kutu, na madumu yaliyobeba sumu au oili hata uyaoshe mara mia.

Kuna paa lingine linalokaa juu ya maji, hili linafaa kama ndege ndo tatizo lako kubwa. Unaunganisha vipande vya PVC vya inchi 1 na kona zake kuwa fremu ya mraba, unagandisha kila kiungo kwa gundi ya PVC ili hewa ibaki ndani ielee, ukiacha hata kiungo kimoja kinavuja itazama baada ya siku mbili na utajiuliza kwanini. Gundi ikauke kabisa kabla haijagusa maji. Juu yake unafunga neti ya kivuli, uivute mpaka ikaze kama ngoma, neti iliyolegea inanasa samaki na vyura. Afu ifunge kamba kwenye ukingo isizurure. Usifunike bwawa lote lakini, nusu inatosha, maji yanapokea oksijeni kwa juu na yanahitaji sehemu iliyo wazi. Kama una yungiyungi limeshatanua majani basi kazi hiyo tayari linaifanya, na kivuli chake kinapunguza yale maji kuwa kijani.

Kuhusu kuweka: sehemu ya kina kirefu, mbali na ukingo. Korongo anawinda amesimama kwenye maji mafupi, sasa ukimwekea maficho hapo pembeni umemrahisishia. Usizibe mdomo wa pampu. Kama bwawa lako limetandikwa turubai, tanguliza kipande cha turubai kuukuu chini ya kila kitu kizito. Na kila kitu kiwe na kamba ya kukinyanyulia, kwasababu mara moja kwa mwezi utavitoa usukutue tope, na pia kuangalia kama kuna aliyefia humo, huwa wanafanya hivyo, anajificha anakufa kimya kimya unakuja kushtuka maji yananuka.

Idadi iwatoshe wote kwa pamoja. Kambare akipata bomba anajiona mwenye nyumba hataki mwingine, na perege dume wakati wa kuzaliana anafukuza kila anayekatiza, kwahiyo paa moja kubwa halisaidii kama mapaa matatu yaliyotawanyika. Goldifishi wao wanakula mayai na vifaranga vyao wenyewe, hao waongezee bunda la nyuzi za nailoni zilizooshwa vizuri, lifungwe kama ufagio na kuning'inizwa, vifaranga vinapenya wakubwa hawapenyi.

Siku za mwanzo hawataingia, wataliogopa paa lenyewe. Usilihamishe hamishe, waache kama wiki hivi. Baada ya hapo simama mbali kidogo afu pitisha mkono kivuli chake kipite juu ya maji, uangalie wanakimbilia wapi. Wakikimbilia ukutani wakaliacha paa, lisogeze upande huo walipokimbilia ila libaki kwenye kina kirefu, afu kesho yake rudia.