Beetle ya Zamani Inapokataa Kuwaka: Kutafuta Hitilafu Nyumbani

Mwenye Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 au 1970 iliyogoma kuwaka asubuhi hupata ushauri wa kila jirani, na mara nyingi ushauri huo huishia kwenye kununua betri au stata mpya. Kabla ya kutoa fedha, sikiliza gari linafanya nini unapogeuza ufunguo. Likinyamaza kabisa, likigonga "tak" mara moja au likizunguka kwa uvivu, hitilafu iko kati ya betri na stata. Lakini injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida bila kuwaka, basi stata haina kosa, na kinachotafutwa ni cheche au mafuta.

Betri iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Vipimo vinavyofuata ni vya umeme wa volti 12. Beetle nyingi za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani na volti 6, hivyo kwa hizo vigawe kwa mbili. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6, na ikisoma 12.2 imebaki na chaji ya nusu tu. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, kisha mwombe mtu ageuze ufunguo huku ukitazama mita ya volti iliyounganishwa kwenye betri: betri iliyochajiwa ikishuka chini ya volti 9.6, imechoka. Ikibaki juu ilhali stata inazunguka kwa shida, shuku kwanza nyaya. Safisha vichwa vya betri kwa msasa, halafu ukague mkanda wa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) unaounganisha gia boksi na bodi, ambao kwa kuwa uko chini na hupigwa na matope, husahaulika miaka na miaka. Ncha moja ya mita ikiwa kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini wakati stata inazungushwa, usomaji unaozidi nusu volti unaonyesha kwamba ethi ni mbovu.

Ugonjwa unaowasumbua wengi zaidi ni wa gari linalowaka vizuri likiwa baridi, kisha likagoma baada ya safari. Umeme wa kuamsha solenoidi ya stata (swichi ya sumaku inayoiwasha stata) husafiri kutoka nyuma hadi swichi ya ufunguo mbele, ukarudi tena nyuma, na katika nyaya zenye umri wa miaka hamsini hufika umepungua. Mimi nilibadilisha stata mbili kabla ya kulielewa jambo hili. Pima volti kwenye terminali 50 ya solenoidi, yaani sehemu inapofungwa waya unaotoka kwenye ufunguo, wakati ufunguo umegeuzwa. Ikiwa pungufu mno kuliko ya betri, dawa yake ni swichi mpya au rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) iliyofungwa karibu na stata. Katika stata za asili, kagua pia bushi, yaani pete ya chuma inayoshika ncha ya shafti, kwa sababu hubaki ndani ya nyumba ya gia boksi hata stata inapobadilishwa. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee, na ondoa waya hasi wa betri kabla ya kufungua nyaya za stata.

Kwa upande wa cheche, chukua taa ya kupimia. Swichi ikiwa imewashwa, terminali 15 ya koili (kifaa kinachopandisha volti ili kutoa cheche) lazima iwe na umeme. Hamishia taa kwenye terminali 1 na kuzungusha injini: ikimetameta, pointi (vigusio vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili ndani ya distributa) zinafanya kazi, na macho yaelekee kwenye koili, rota na kepu ya distributa, yaani kigawa cheche, na nyaya za plagi. Ikiwaka bila kukatika, pointi hazigusani au ni chafu. Nafasi kati ya pointi ni milimita 0.4, nayo hupimwa wakati pointi zimefunguka kabisa. Unaweza kuizungusha injini taratibu kwa spana ya 21 kwenye nati ya jenereta. Kama nyaya za plagi zimechanganywa, mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2, rota ikizunguka kama mshale wa saa.

Mafuta ni rahisi kuyahakikisha. Toa chujio la hewa, chungulia ndani ya kabureta injini ikiwa imezimwa, na usukume mkono wa kaba (ule unaovutwa na pedali ya mafuta): uzi mwembamba wa petroli unapaswa kuruka. Usipouona, kagua tangi, chujio na pampu. Hata hivyo, kagua mipira ya petroli kabla ya jaribio lolote, kwa kuwa mpira uliopasuka hudondosha petroli karibu kabisa na distributa, na Beetle zilizoteketea kwa sababu hiyo si chache. Kizima moto kiwe jirani. Penye choki ya kujiendesha, kanyaga pedali ya mafuta mara moja hadi chini, uiachie, ndipo ugeuze ufunguo.

Likishawaka, usiirudishe mita sandukuni. Ongeza mwendo wa injini kidogo, upime betri tena. Kwa gari la volti 12, isipopanda hadi takriban volti 13.5 au zaidi, jenereta au regyuleta (kidhibiti cha volti zake) haichaji, na kesho asubuhi utakuwa chini ya kiti kile kile.