Kutafuta taarifa za marejeo ya mtandaoni, hasa mwaka

Juzi nilikaa na mwanafunzi hapa Iringa anayeandika tasnifu kuhusu wakulima wa parachichi wa Njombe. Msimamizi wake alirudisha orodha ya marejeo kwa sababu miaka mingi haikuwa sahihi. Hivi ndivyo tulivyoirekebisha, kwa mtindo wa APA, mmoja wa mitindo ya kuandika marejeo ya kitaaluma.

1. Mwandishi. Pasipo jina la mtu, andika taasisi iliyotoa chapisho.

2. Mwaka. Hapa usiwe na haraka. Mwaka ulio chini kabisa ya tovuti, kando ya alama ya ©, ni wa haki miliki ya tovuti nzima, na mara nyingi hujibadilisha wenyewe kila Januari. Uache. Mwaka wa takwimu nao si mwaka wa chapisho: ripoti ya taifa ya Sensa ya Kilimo ya 2019/20 ilitoka 2021, kwa hiyo unaandika 2021, na 2019/20 inabaki kwenye jina la ripoti. Fungua PDF yenyewe, usome jalada na kurasa mbili tatu za mwanzo. Tarehe iliyo kwenye sifa za faili isikushawishi; inaweza kuwa siku ripoti ya zamani ilipopitishwa kwenye skana.

Habari isiyoonyesha tarehe ifungue kwenye kompyuta. Kwa simu utahangaika bure. Bonyeza Ctrl+U uone msimbo wa ukurasa, kisha Ctrl+F ya kutafuta neno, uandike datePublished. Tovuti nyingi za habari huficha humo mwaka, mwezi na siku. Angalia usichukue dateModified, hiyo ni ya marekebisho. Ukikosa, nenda Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za kurasa za mtandaoni, uone ukurasa ulihifadhiwa lini mara ya kwanza. Lakini hilo linathibitisha tu kwamba siku hiyo ukurasa ulikuwa tayari upo. Halikupi mwaka wa kuchapishwa. Basi andika n.d. (no date, yaani haina tarehe), kuliko kubuni mwaka.

3. DOI, yaani namba ya kudumu ya kutambulisha makala. Huanza na 10. Ukiwa na jina la makala tu, litafute search.crossref.org. Mimi natumia Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni ya bure, na bado nalinganisha kila ingizo na PDF. Kitufe cha kunukuu cha Google Scholar sikishauri: kinaacha DOI.

4. Kiungo. Nakili cha ukurasa wenyewe, si cha matokeo ya utafutaji. Tarehe uliyousoma iongeze tu kama yaliyomo hubadilika kila mara, mfano ukurasa wa bei za mazao.