SOMO: Kabla hujavaa viatu vya pwenti, mwili uandaliwe hivi

Habari zenu wapenzi wa bale. Wiki hii wazazi wengi wameniuliza swali moja, binti yangu ataanza lini pwenti, na wengine wameshanunua viatu kabisa vinasubiri kwenye boksi. Nimeona niandike yote hapa mara moja, ni ndefu kidogo ila soma hadi mwisho tafadhali maana ni mifupa ya mtoto wako hii tunaongelea.

Kwa wageni: pwenti ni pale mchezaji anaposimama juu kabisa ya ncha za vidole, kwenye kile kiatu cha satini chenye kiboksi kigumu mbele. Mimi nafundisha watoto hapa Nairobi, na mwenyewe nilivalishwa nikiwa na miaka 10, darasa zima siku moja, kwa sababu onyesho lilikuwa linakaribia na mwalimu wetu alitaka tupendeze jukwaani. Hakuna aliyetupima. Nilipofika miaka 13 eksirei ikaonyesha ufa kwenye ule mfupa mrefu wa mguu unaoelekea kidole cha pili, nikakaa nje ya darasa karibu mwaka mzima nawaangalia wenzangu dirishani. Ndo maana nasisitiza sana hili jambo, na sitanyamaza.

Kitu cha kwanza kuelewa: kiatu hakikupandishi. Kiboksi ni tabaka za kitambaa na karatasi zimegandishwa na gundi, na chini kuna ubao mwembamba ndani ya soli, basi. Kinakupa mahali pa kusimama lakini kupanda na kushuka ni kazi ya mguu wako na nyonga na tumbo. Mchezaji maarufu wa zamani Marie Taglioni alipocheza bale ya La Sylphide pale Paris mwaka 1832 viatu vyake vilikuwa satini laini tu imeshonwashonwa nyuzi kwenye ncha, kiboksi kigumu hakikuwepo, baba yake Filippo ndiye aliyemfundisha hadi miguu ikaweza kumbeba. Kwahiyo mimi mwanafunzi akija siangalii anavyopanda, kupanda kila mtu anapanda kwa kujirusha. Naangalia anavyoshuka.

HATUA YA 1: Umri na miaka ya mafunzo

Chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya densi, IADMS, mwongozo wao unasema si kabla ya miaka 12. Na 12 peke yake haitoshi: anayesoma bale mara 2 kwa wiki aanze pwenti mwaka wa 4 wa mafunzo, na anayekuja mara 1 tu kwa wiki wanashauri asiingie huko kabisa. Mguu una mifupa 26 na kwa mtoto mingi bado ina sehemu za gegedu ambapo mfupa unarefukia, hizo sehemu hazijakomaa, ukizibana kila siku kwa uzito wa mwili mzima unatafuta matatizo. Ila mtoto wa miaka 14 dhaifu hayuko tayari kuliko wa 12 aliyejengeka, umri ni mlango tu.

HATUA YA 2: Jipime, usikisie

Penseli. Kaa sakafuni miguu imenyooka mbele, elekeza vidole mbali kadiri kifundo kinavyoruhusu, kisha laza penseli juu ya kifundo kwa urefu wa mguu. Ikipita sambamba na ugoko bila kugota, kifundo kinafika. Ncha ikigonga mfupa wa ugoko ina maana mguu haujanyooka vya kutosha, na mtu wa hivyo akipanda pwenti atalala nyuma au atakunja magoti ili asianguke, uzito wote unaenda pasipotakiwa.

Ndege. Simama mguu mmoja, kiwiliwili kiiname mbele na mguu mwingine nyuma viwe mstari mmoja, mikono kando kama mabawa, halafu kunja goti la mguu uliosimama hadi ncha za vidole vya mikono ziguse sakafu, rudi juu. Mara 5, na angalau mara 4 goti libaki juu ya vidole vya mguu, lisiangukie ndani.

Kuruka. Mguu mmoja, katikati ya chumba bila kushika chochote, mara 16 mfululizo. Angalau 8 ziwe safi, kiuno kimetulia na mguu umenyooka hewani na kutua ni kimya.

Halafu releve, na hiki ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Miguu mitupu, mguu mmoja, vidole viwili vya mkono vikigusa ukuta, goti limenyooka, panda kwa nusu vidole, yaani kisigino juu na uzito mbele kwenye vidole, hadi juu kabisa na ushuke taratibu. Tunataka 20 na zaidi kila mguu. Sasa angalia kisigino. Nina binti mmoja darasani alikuja anajivunia 25, nikamwambia haya nionyeshe, nikalala sakafuni kabisa jicho langu usawa wa kisigino chake. Za kwanza 6 zilikuwa nzuri. Ya 7 kisigino kikaanza kukwepa kwenda nje, ya 9 kikadondoka pu! kama embe, na baada ya hapo kila moja ilikuwa nusu ya urefu wa ile ya kwanza. Nikamwandikia 6 kwenye daftari. Alilia, mimi pia roho iliniuma, lakini alirudi nyumbani akafanya kazi na baada ya miezi 7 alifika 22 kisigino kinashuka kama mtu analaza mtoto aliyelala. Huyo ndo nilimpeleka kupimwa viatu.

HATUA YA 3: Kujenga mguu

Dakika 15 kwa siku, siku 5 kwa wiki, inatosha kabisa ukifanya kwa akili.

Anza na tao la unyayo. Mguu sakafuni, vuta sehemu ya chini ya kidole gumba kuelekea kisigino ili tao liinuke, bila kukunja vidole. Vidole vikijikunja kama unaokota kitambaa umekosea, maana ndani ya kiatu vidole lazma vibaki virefu. Shikilia sekunde 5, rudia 10. Alafu inua kidole gumba peke yake vingine vibaki chini, kisha kinyume chake. Mwanzoni mguu utakataa, hautakusikia kabisa, endelea tu.

Releve za ukutani: bana mpira wa tenisi kati ya visigino viwili, panda hesabu 2, shuka hesabu 4. Mpira unazuia kisigino kukwepa. Miguu miwili kwanza, ukizoea ndo mmoja mmoja bila mpira. Fanya pia seti moja goti likiwa limekunjwa kidogo, kuna msuli wa ndani wa shavu la mguu unaofanya kazi hapo na wengi wanausahau. Ule mkanda mrefu wa mpira wa mazoezi nao ukiwa nao, uzungushe kwenye unyayo, sukuma kifundo kwanza kisha vidole, na wakati wa kurudi usiuachie ukurudishe wenyewe, urudishe wewe.

Mizani: simama mguu mmoja ukipiga mswaki, kushoto asubuhi kulia jioni. Ikiwa rahisi simama juu ya kanga iliyokunjwa mara nyingi, ikiwa rahisi tena fumba macho.

Na msifanye haya: kukalia miguu ili kuilazimisha ipinde, kuingiza vidole chini ya kochi na kujivuta nyuma, kuvaa pwenti nyumbani na kutembeatembea sebuleni kwa ajili ya video. Kifundo kikilegea bila nguvu ya kukishika ndo hapo mtu anateguka.

HATUA YA 4: Nyonga na tumbo

Miguu kufunguka nje, yaani magoti na vidole kutazama pembeni, inatoka nyonga, sio unyayo. Ukilazimisha unyayo ufunguke kuliko nyonga, goti linasokoteka na tao linaanguka ndani, na ukipanda hivyo kidole gumba kinabeba kila kitu. Lala ubavu, magoti yamekunjwa, visigino pamoja, fungua goti la juu kama chaza bila kiuno kurudi nyuma, 15 kila upande. Ongeza daraja, yaani kulala chali na kuinua makalio, kwa mguu mmoja mmoja, na plank, yaani kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka, ya sekunde 30 hadi dakika. Ukiweza kuzunguka pirueti moja safi, yaani mzunguko mzima kwa mguu mmoja, na kumaliza umesimama, kiwiliwili kinakushika.

HATUA YA 5: Chakula

Hapa nitasema wazi. Mchezaji anayejinyima kula anavunjika, haijalishi ana mazoezi mazuri kiasi gani. Msichana akikosa siku zake miezi 3 mfululizo hiyo sio dalili ya kuwa mwepesi, ni mwili unakata matumizi, na mifupa ndo inaanza kulipa. Daktari haraka. Ugali, maharage, mayai, maziwa, na dagaa wale wa kuliwa na miba yao, hiyo ni kalsiamu ya bei nafuu kabisa. Na mwalimu anayemwambia mtoto apungue ndo aanze pwenti, muondoe mwanao hapo.

HATUA YA 6: Kiatu na miezi ya kwanza

Kiatu kinapimwa mguuni, ukisimama, ukikunja goti, na ukipanda. Vidole vilale virefu bila kukunjika, kiatu kibane bila kuumiza, na hakuna kununua kikubwa ili akue nacho, hapo mguu unazama hadi chini na kucha zinaumia. Fundo la riboni lifichwe upande wa ndani, kwenye kishimo kati ya kifundo na kano ya kisigino, lisikae juu ya kano. Kucha kata zinyooke, sio fupi mno.

Darasani dakika 10 hadi 15 mwishoni mwili ukiwa umepata joto, mikono miwili kwenye bomba la kushikia la ukutani, miguu miwili, kupanda na kushuka ukipitia kila kiungo cha unyayo. Miezi kadhaa hivyo tu. Mguu mmoja baadaye, katikati ya chumba baadaye zaidi. Malengelenge ni kawaida. Maumivu ya mfupa, yale unayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja na yanabaki hata usiku, sio kawaida, vua.

Baada ya mazoezi usivifungie kwenye mfuko wa plastiki, jasho linalainisha gundi, vitundike vipate hewa. Wale wa Mombasa na Dar na joto lenu hili mlishike sana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Tumaini: Wangu ana miaka 9 ila ni mrefu kuliko wa 12, mwalimu kasema yuko tayari, nimkatalie mwalimu?

Jibu: Ndiyo mama, mkatalie kwa heshima. Urefu hauonyeshi mifupa imekomaa, tena anayerefuka haraka misuli yake inabaki nyuma kwa muda. Muulize mwalimu amempima vipi. Mtoto aendelee na mazoezi ya hatua ya 3, hapotezi chochote.

Dada wa Tabata: Nina miaka 31 nimeanza bale ukubwani, nimechelewa?

Jibu: Hujachelewa dada. Mifupa yako imekomaa, hilo umeshavuka, ila kano za mtu mzima zinaimarika polepole kuliko misuli, utajiona una nguvu kabla kano hazijawa tayari. Vipimo ni vilevile, usijihurumie.

Shangazi wa Ongata: Niliona pwenti za mtumba Gikomba, safi kabisa, bei ya chini. Nichukue?

Jibu: Najua viatu vipya ni ghali na inauma, lakini usichukue. Ule ubao wa ndani umeshajikunja kwa mguu wa mtu mwingine na kiboksi kimeshalainika mahali pake yeye. Chukua vile viatu laini vya kawaida vya bale vya mtumba, hivyo havina shida.

Zuhura: Watu wote wananiambia nina miguu mizuri inapinda sana, penseli napita bila shida. Si nianze tu?

Jibu: Zuhura mdogo wangu, wewe ndo nakuogopea zaidi. Mguu unaopinda sana unaweza kupita juu ya kiatu ukaangukia mbele, unahitaji nguvu zaidi ya wenzako kuushika. Releve zako ni ngapi? Hilo hujaniambia.

Kijana wa Kisumu: Wavulana nao?

Jibu: Kaka, karibu sana. Kwenye bale ya kawaida wanaume hawavai mara nyingi, ila Les Ballets Trockadero de Monte Carlo, kundi la wanaume la New York, wanacheza pwenti tangu 1974. Wewe una uzito zaidi kwahiyo ngazi ya nguvu inapanda pia.

Mama Wawili: Binti anasikia maumivu nyuma ya kifundo kila akinyoosha mguu hadi mwisho, juu kidogo ya kisigino. Mwalimu anasema avumilie.

Jibu: Asivumilie mama. Nyuma pale mifupa inaweza kuwa inabana nyama kila anaponyoosha, wengine wana kimfupa cha ziada hapo, au ni kano ya kidole gumba imechoka. Asimamishe releve na pwenti, mpeleke kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, anayejua wachezaji, aseme hasa ni wakati gani inauma.

Neema: Nimejipima jana, kulia 20 safi, kushoto 11. Nimefuzu nusu?

Jibu: Umefika 11 Neema, tunahesabu mguu dhaifu. Kila siku anza na kushoto kabla haujachoka, fanya hadi kisigino kinapoanza kukwepa, simama hapo hata kama ni 8, kisha kulia fanya idadi hiyohiyo usizidishe. Weka simu sakafuni nyuma yako ujirekodi maana kwa juu hutaona. Baada ya wiki 6 niandikie idadi ya kushoto, ya kulia siihitaji.